Paka Wawili Watundu: Panga Nyumba, Usipigane Nao

Wageni wangu hapa Walukuba, Jinja, nchini Uganda, hawakosi kuniuliza: kwa nini paka wawili, tena watundu namna hii? Sabuni ni dume, mweupe, na hakuna pazia asilolipanda. Dada yake Chausiku, mweusi ti, ni fundi wa kufunua sufuria. Wamezaliwa tumbo moja, mchana wanalala wamekumbatiana, lakini giza likianza kuingia utadhani nyumba imevamiwa. Nawapenda mno. Na kwa kuwa najua wako watu waliowatupa paka wao sokoni kwa utundu huohuo, nataka niwaambie yaliyotufaa sisi.

Paka hana nia ya kukukomoa. Anawinda, ananoa kucha, anaweka alama ya harufu yake, anapanda juu ili aone vizuri. Haya atayafanya upende usipende, na ukimchapa atayafanya ukiwa umetoka, halafu akuogope bure. Kazi yako ni kumchagulia mahali na saa ya kuyafanyia. Ukishakubali hilo, nusu ya ugomvi imekwisha.

Nianze na wizi, maana ndio unaowatia watu hasira. Chausiku akitaka samaki hakurupuki. Anakaa kando ya sigiri, anageuzia uso mlangoni kama hana habari, kisha mguu mmoja wa mbele unateleza taratibu mpaka chini ya ukingo wa mfuniko. Anauinua kwa kucha mbili tu. Sabuni, ambaye muda wote huo alikuwa chini ya meza, ndiye anayechomoa samaki na kukimbia. Dawa ya hili ni kuwalisha kabla hujaanza kupika. Paka aliyeshiba bado atasogea kunusa, lakini hana ile ari. Juu ya mfuniko weka jiwe zito, na sigiri yenyewe iweke mahali wasipoweza kuruka, kwa sababu makaa yaliyofunikwa na majivu huwaunguza nyayo kabla hawajajua kwamba moto bado upo.

Chakula chao kikubwa ni mukene, dagaa wetu wa ziwani, na kwa kuwa mwalo wa wavuvi wa Masese ni jirani hatupati shida. Ila mjue kwamba wavuvi huwavua usiku kwa kuwavutia na taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu. Siku hizo mukene huadimika na bei hupanda, kwa hiyo nanunua wakavu wa kutosha siku za giza. Waliokaushwa mchangani huja na mchanga wao. Waoshe mara kadhaa mpaka maji yatoke safi, kisha wachemshe walainike, bila chumvi na bila kitunguu, maana kitunguu na kitunguu saumu huharibu damu ya paka. Posho kidogo, yaani ugali, ya kuongezea si mbaya, lakini posho na maziwa peke yake ni kumuua paka polepole. Mwili wake unahitaji kitu kiitwacho taurini, kinachopatikana kwenye nyama na samaki, na akikikosa muda mrefu macho hupofuka na moyo hulegea. Nikipata maini au shingo za kuku nawabadilishia, kwa sababu samaki kila siku bila kitu kingine si lishe kamili. Maziwa paka wengi wazima hayawakai tumboni. Maji safi yanatosha.

Wako wanaosema usimlishe paka ili akamate panya. Si kweli. Kuwinda ni silika yake, si njaa tu, na mwenye afya huwinda vizuri kuliko aliyekonda.

Kila mmoja awe na bakuli lake, na mabakuli yasikae pamoja. Chausiku humaliza chake haraka na kumsukuma kaka yake, kwa hiyo mmoja anakula jikoni, mwingine sebuleni. Faida yake ni kwamba unajua mara moja nani hajala, na paka anayekataa chakula siku nzima anahitaji daktari, usimngojee ajiponee.

Sasa zile mbio za jioni. Paka huchangamka zaidi alfajiri na magharibi, na hapa kwetu, karibu kabisa na ikweta, jua huzama karibu na saa moja mwaka mzima. Hiyo ni bahati kubwa: ukiweka ratiba leo, Desemba itakuwa ileile. Kabla ya saa moja nachukua kijiti, nafunga kwenye ncha kitita cha maganda makavu ya mgomba, yale watoto wanayofumia mipira, kisha nakiburuta sakafuni. Usikipeperushe usoni mwao. Kiburute kiwakimbie, kisimame, kijifiche nyuma ya mguu wa kiti, kwa kuwa ndivyo panya anavyofanya. Waache wakikamate mara kwa mara, asiyepata kitu kamwe hukasirika na kuhamia kwenye vidole vyako. Wakianza kuhema, acha, na hapohapo uwape chakula cha usiku. Kuwinda, kula, kujilamba, kulala: ndivyo walivyoumbwa, na ukiufuata mpangilio huo utalala mpaka asubuhi. Ukimaliza kificheni kijiti. Uzi, hasa wenye sindano, ni hatari kweli, paka akiumeza hukunja utumbo na huenda akahitaji kupasuliwa.

Mwezi wa Novemba, senene, wale panzi wa kuliwa, wakianza kuanguka kwenye taa, hamtahitaji kijiti. Wawili hao hukesha barazani wakiruka hewani, na mimi huwaachia sehemu yao.

Chandarua ndicho kilichonisumbua kuliko kochi na mapazia. Kochi likichanika unashona. Chandarua kikichanika, mbu wanaingia na mtoto anaugua malaria, na sisi tunaoishi kando ya ziwa hatuna mzaha na jambo hilo. Paka wanakipenda kwa sababu kinaning'inia, kinacheza na upepo, na juu yake mtu anaona chumba kizima. Kifungeni fundo juu mara tu mnapoamka, wala kisiachwe kikigusa kitanda mchana. Kisha wapeni urefu wa aina nyingine: mimi nilimwomba seremala anipigilie ubao mpana karibu na dirisha, nikautandika kitenge kikuukuu. Tangu hapo Sabuni ana makao yake na chandarua kimepona. Tena vyandarua vingine vimetiwa permethrini, dawa ya kuua mbu, na paka hana uwezo wa kuivunja dawa hiyo mwilini kama sisi. Asitafune chandarua, na msimpake kamwe dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Nyingi zina permethrini kwa wingi unaoweza kumuua.

Kwa kucha, chukua nguzo fupi ya mbao, izungushie gunia au kamba ya katani, na uikaze isiyumbe. Iwe ndefu kiasi cha paka kusimama na kujinyoosha wote. Iweke palepale wanapoparua sasa, pembeni ya kochi, usiitupe stoo. Wakishaizoea, isogeze kidogo kidogo.

Choo: paka wawili, mabeseni matatu, yasiyo mahali pamoja, ili mmoja asimzuie mwenzake mlangoni. Unga wa mbao kutoka kwa maseremala unafaa, mchanga pia. Safisha kila siku. Hili nawaambia hasa dada zangu wajawazito, mnaoambiwa mmfukuze paka: kimelea cha toksoplazma kilichomo kwenye kinyesi cha paka huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza. Mtu mwingine nyumbani asafishe kila siku, wewe unawe mikono, usile nyama isiyoiva, wala mboga zisizooshwa. Paka abaki.

Jambo ambalo nalisisitiza kwa kila mwenye dume na jike ni kuwahasi mapema. Undugu wao hauwazuii chochote. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, mimba yenyewe ni kama miezi miwili, na watoto wakizaliwa hapo hujui utawapeleka wapi. Dume asipohasiwa ataanza kunyunyiza mkojo ukutani, harufu ambayo haitoki, na atapotea usiku akirudi na majeraha. Walio Kampala wana kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Makerere. Wa mikoani ulizeni ofisi ya daktari wa mifugo ya wilaya. Mkienda, wachanjwe pia kichaa cha mbwa, kuanzia umri wa miezi mitatu. Paka anaupata ugonjwa huo na anaweza kumpa mtu. Aking'ata mtu paka msiyemjua, osheni jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha mkimbilie hospitali siku hiyohiyo.

Halafu kuna sumu, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Paka wetu wengi wa mjini hawafi kwa uzee. Wako wanaokufa kwa sumu ya panya inayouzwa barabarani kwa pakiti ndogo, na kwa Panadol anayopewa paka mwenye homa na mtu mwenye nia njema. Paracetamol ni sumu kwa paka, hata kidonge kimoja. Msimpe.

Kuhusu sumu ya panya, zungumzeni na majirani kabla ya msiba. Mama mmoja wa nyumba ya pili alikuwa akisumbuliwa na panya kwenye mahindi yake. Nilimwendea, nikamwamkia, nikamwambia, "Mama, nakuomba, siku ukiweka dawa nijulishe." Akanijibu, "Mwanangu, ungesema mapema, mimi nilidhani paka hali panya aliyekufa." Anamla, na yule anayeyumba bado hajafa humkamata kwa urahisi zaidi. Sumu ya aina inayozuia damu kuganda humchukua panya siku kadhaa kabla ya kufa, kwa hiyo kumfungia paka usiku mmoja hakutoshi. Ukimwona paka wako amelegea, ufizi umepauka, au anatoka damu puani, mpeleke kwa daktari saa hiyohiyo ukiwa na pakiti ya sumu mkononi ukiipata, maana sumu za aina hiyo zina dawa, vitamini K, ikiwahiwa. Siku hizi mama yule akitaka kuweka sumu hunigongea kwanza, nami nawafungia ndani Sabuni na Chausiku mpaka atakaponiambia kwamba mizoga imeokotwa na kuzikwa.