Baba Krismasi ataingilia wapi?

MUULIZE BI MWALIMU

*Shikamoo Bi Mwalimu. Nina watoto wawili, msichana wa miaka sita na mvulana wa minne. Tunakaa ghorofa ya tatu, Mikindani. Tangu wamwone Baba Krismasi kwenye supamaketi, maswali hayaishi. Ataingilia wapi nasi hatuna dohani? Soja wa getini atamfungulia? Mbona mwaka jana hakuja? Juzi mkubwa kaniuliza, "Mama, yupo kweli?" Nikajitia kukoroga mchuzi. Baba yao asema niwaambie ukweli yaishe. Mimi naona mapema. Nifanyeje? – Mama wa wawili*

Marahaba, mwanangu. Nimefunza chekechea miaka thelathini na moja, na maswali haya yalinijia kila muhula wa tatu ukikaribia kufungwa.

Mdogo wako auliza habari ya mlango tu. Ameshapima: dirisha lina vyuma, mlango una komeo, jiko ni la gesi. Usimtungie ufunguo wa ajabu, maana kesho atauliza nani kauchonga, na keshokutwa utatafuta uongo wa kuutegemeza ule wa kwanza. Mrudishie swali: "Wewe waonaje?" Mwanafunzi wangu mmoja alinijibu kwamba atatua juu karibu na tangi la maji, ateremkie paipu. Mwengine, wa Likoni, alisema atapanda feri kwa sababu ana mzigo mwingi. Mtoto wa miaka minne akishapata jibu lake mwenyewe, huondoka akacheze.

Mkubwa ni mambo mengine. Mtoto akuulizaye "yupo kweli?" huku amekukazia macho ataka jibu, na mchuzi hautakuokoa siku zote. Anza kwa kumuuliza ameona nini. Mwaka mmoja shuleni tulimvika kijana koti jekundu. Msichana wa darasa langu akatazama chini, akasema kwa sauti, "Hizo ni champali za kaka wa maziwa." Kweli zilikuwa zake, ya kushoto imeshonwa kwa uzi wa buluu. Na pamba ya ndevu ilishalowa jasho, inateremka shingoni. Sikukana. Nilimwambia ndiye, amevaa hivyo ili tufurahi. Alikaa akawaza kidogo, na zamu yake ilipofika akampa mkono, akamwita Baba Krismasi vilevile.

Basi mwambie mkubwa kwamba anayemwona ni mtu aliyejivika, na kwamba nyuma yake kuna mtu wa kweli wa zamani. Nikolasi alikuwa askofu wa Myra katika karne ya 4, mji wa pwani ambao leo uko Uturuki. Yasimuliwa kwamba baba mmoja maskini alikuwa na mabinti watatu, hana mali ya kuwaozea, na Nikolasi akapita usiku akawatupia mifuko ya dhahabu dirishani, asijulikane. Dirishani, mwanangu! Dohani na kulungu wanane wa kuvuta sleji vilienezwa na shairi lililochapishwa katika gazeti la mji wa Troy, jimbo la New York, mwaka 1823. Jina Santa Claus nalo latokana na Waholanzi, wanaomwita Sinterklaas na kumsherehekea mapema Desemba. Watoto wa Mombasa hupenda zaidi nikiwaambia kwamba Nikolasi ndiye mtakatifu mlinzi wa mabaharia. Hapo huyu mgeni wa barafuni huwa mtu wa bandari kama sisi.

Ukishamwambia, mpe kazi. Mwaka huu yeye ndiye atakayemwekea mdogo wake peremende chini ya mto, kimya kimya. Utaona atakavyoitunza siri hiyo.

Sasa nije kwenye swali ulilolipitia haraka: mbona mwaka jana hakuja? Hili ndilo linaloniuma. Nilikuwa na mvulana ambaye baba yake alifanya kibarua bandarini, na Desemba hiyo kazi ilikatika. Mtoto yule alikuwa wa kwanza kukunja mikeka na kupanga viti. Januari alirudi, akakaa karibu na mlango, hachezi. Siku ya tatu nilichutama mbele yake, nikamuuliza kuna nini. Akanong'ona, "Mimi ni mbaya. Baba Krismasi ajua." Aliyewaambia darasa zima kwamba Baba Krismasi huwaletea watoto wenye adabu ni mimi. Nilimwita mama yake tukazungumza naye pamoja, lakini ilichukua wiki nyingi mpaka akarudi kwenye bembea. Tangu siku hiyo sijamtishia mtoto yeyote kwa jina la Baba Krismasi.

Kwa hivyo usiwaambie alipotea njia, wala kwamba walimkosea. Waambie mwaka jana pesa zilikuwa chache nyumbani, na nyinyi wazazi ndio mnaonunua. Rinda na viatu viwe vyenu kwa majina yenu. Baba Krismasi mwachieni peremende.

*Assalaam aleikum Bi Mwalimu. Sisi ni Waislamu. Wangu wa miaka mitano asoma pamoja na Wakristo, na sasa analia kwa nini Baba Krismasi haji kwetu. – Mama wa Kibokoni*

Waaleikum salaam, dadangu. Mwambie kila nyumba ina sikukuu yake, na hiyo ni ya rafiki zake. Kisha mkumbushe Idi: nguo mpya, mapembea ya Makadara, na kuzunguka nyumba kwa nyumba kupewa mkono wa Idi. Mwambie ataje kila aliyempa, mmoja mmoja. Atawajua wote, kwani aliwabusu mikono.