Milimita tatu zilizonilia laki moja

Juzi niliamka nikakuta ujumbe kwenye simu: "Mkuu habari za majukumu. Nimeunga kompyuta yangu mwenyewe, prosesa ni i3-12100F. Nikicheza gemu dakika tano tu inasoma digrii 98, halafu picha inaanza kukwamakwama. Fundi kaniambia ninunue kipoza cha maji, laki mbili na themanini. Nikope?"

Neno la mwisho ndilo lililonikalisha chini nikaacha chai ipoe. Maana mimi nilikopa.

Novemba 2022 nilikuwa nimechoka kuhariri video za harusi kwenye studio ya mtu mwingine, nalipwa kwa kazi, jina linaandikwa la kwake. Nikakusanya akiba, shemeji akaniongezea laki tatu, nikaingia Kariakoo na orodha yangu mkononi kama mtu anayenunua vifaa vya ujenzi. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, nilichukua Core i5-12400F isiyo na boksi, kwa sababu bila boksi ilikuwa pungufu kwa elfu hamsini. Boksi ndilo huwa na feni yake, lakini muuzaji akasema, "Usijali bosi wangu, feni nakupa bure, ni ya Intel hiyohiyo." Na kweli ilikuwa ya Intel. Nilitoka pale nacheka peke yangu.

Siku ya kuunga siisimulii, kila aliyewahi kuunga mashine anaijua hiyo raha. Nitasema kimoja tu. Feni ile inashikwa na pini nne za plastiki zinazosukumwa kwenye matundu manne ya madabodi, ile bodi kuu inayobeba kila kitu. Tatu ziliingia. Ya nne iligoma. Nikaikandamiza kwa kiganja mpaka nikaona bodi inapinda, ikasema tik. Au nilitaka kusikia tik, sijui. Nikawasha, taa zikawaka, nikapiga picha nikaweka status. Watu thelathini na kitu walinipongeza.

Kazi ya kwanza ya jina langu mwenyewe ilikuwa harusi ya Desemba. Kamera tatu, picha za 4K, saa sita za kurekodi. Nikapanga, nikakata, nikaweka nyimbo, nikabonyeza kurenda, yaani mashine iunganishe vyote iitoe video kamili, nikaenda kuoga. Chumba changu cha Tabata wakati ule kilikuwa cha bati tupu bila dari, mchana hewa ya ndani inagusa nyuzi 33 au 34. Niliporudi, muda uliobaki ulikuwa unaongezeka badala ya kupungua. Nikafungua HWiNFO64, programu ya kusoma joto na kasi ya mashine: prosesa nyuzi 100, mstari wa kubanwa kwa joto umeandikwa Yes kwa rangi nyekundu, na kasi ambayo ilipaswa kuwa gigahezi 4 kwa viini vyote sita imeshuka chini ya 2. Usiku ule mashine ilijizima mara mbili yenyewe.

Kwa ambao hawajui: nyuzi 100 ndio mwisho wa prosesa ile kwa mujibu wa walioitengeneza. Ikifika hapo inajipunguzia kasi ili isiungue. Kwa hiyo kukwama unakokuona ni mlinzi anayefanya kazi yake, usimtukane. Lakini kuna jambo linalotokana na hilo ambalo lilinipoteza kwa wiki nzima, nalo ni kwamba namba ikishagonga dari haisemi tena chochote. Ukipunguza joto kidogo, prosesa inaitumia nafasi hiyo kuongeza kasi, na namba inabaki 100 ileile. Ukiwa umefika huko usitazame nyuzi, tazama gigahezi. Zikipanda, umesaidia.

Mimi sikujua. Nikanunua feni tatu za kesi, lile sanduku la mashine, elfu kumi na tano kila moja. Mbili mbele zinavuta ndani, moja nyuma inatoa nje, kama inavyotakiwa. Namba: 100. Nikavua ubavu wa kesi, nikalisogeza feni la chumbani, lile la kusimama, nikaliwasha namba tatu likapuliza moja kwa moja kwenye mashine. Namba: 100, na kasi ileile ya kinyonga. Kilichobadilika ni kwamba mjusi alihamia ndani ya kesi. Hapo mashine ilikuwa inaniambia ukweli wote bila kuficha, mimi ndiye nisiyesikia. Kama tatizo ni hewa, ukivua ubavu na kupuliza feni kubwa namna ile lazima uone nafuu. Usipoona nafuu yoyote, acha habari za feni, tafuta pengine.

Mimi nikatafuta pesti, ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na kipoza ili joto lipite. Elfu ishirini na tano, kisindano kidogo kama cha chanjo. Nikapaka, nikarudisha feni ileile, nikakandamiza kwa kiganja kilekile. (Msipake dawa ya meno. Najua mmeona video zake. Inafanya kazi siku chache, inakauka, na unabaki na chokaa juu ya prosesa.)

Mama wa bibi harusi alikuwa ameanza kupiga simu. Mwanzoni alikuwa mpole. Katikati ya Januari aliniambia, "Mwanangu, hawa watoto watazaa kabla hatujaona wakikata keki." Sikuwa na jibu. Nilimwambia umeme ulikuwa umekatika. Mungu anisamehe, siku ile umeme ulikuwepo.

Ndipo nikaibeba mashine kwenye bodaboda mpaka kwa fundi. Simtaji jina wala mtaa. Aliiwasha, akaitazama dakika mbili, akatikisa kichwa kama daktari wa kwenye filamu: "Mdogo wangu, hii prosesa imechoka." Miezi miwili imechoka! Alitaka niiache anibadilishie na ya kwake, niongezee laki na nusu. Nilipokataa alinipaka pesti nyingine, nyingi mpaka ikamwagika pembeni kama siagi kwenye mkate wa mtoto, akachukua elfu thelathini. Mpaka leo nikipita barabara ile natazama upande wa pili. Kilichoniuma zaidi ya hela ni kwamba nilimwamini kwa sababu alikuwa na meza na bisibisi nyingi. Prosesa hazichoki hivyo ndugu zangu. Katika vyote vilivyomo ndani ya kesi, prosesa ni karibu ya mwisho kufa. Mtu akikwambia imekufa wakati Windows inawaka na kipanya kinatembea, mwombe akuonyeshe anachokiona.

Na shemeji naye. Alikuja Jumapili kula, akaitazama mashine iliyo uchi na feni la chumbani limeielekea, akasema mbele ya watu, "Ungenunua laptop kama wenzako." Shemeji, kama unasoma hapa, deni lako nililimaliza Septemba.

Ile harusi niliimaliza kwa panadol, yaani kutuliza maumivu bila kutibu ugonjwa. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows kuna sehemu ya kiwango cha juu cha prosesa, nikaishusha kutoka asilimia 100 hadi 99. Inaonekana ni asilimia moja tu, kumbe ukifanya hivyo prosesa inaacha kujiongezea kasi, inabaki kwenye gigahezi 2.5 za kawaida yake na joto linapungua. Kurenda kulichukua usiku kucha lakini haikuzima. Niliwapelekea video Februari, bila kudai salio. Sijawahi kupata mteja mwingine kutoka familia ile.

Ugonjwa niliugundua kwa bahati. Kadi ya kamera iliniponyoka ikadondokea ndani ya kesi wakati mashine inarenda. Nikapeleka mkono kuitafuta, mkono ukalala juu ya hitsinki, yale mabati ya alumini yanayobeba feni ya prosesa. Ya baridi. Nikatazama skrini: 100. Nikagusa tena, baridi kama ukuta.

Fikiria sufuria iko juu ya jiko la mkaa, moto unawaka kweli, ukitia kidole maji ni ya baridi. Utasemaje? Utanunua jiko jipya? Utapepea? Sufuria haijagusa moto, basi. Moto wote ulikuwa umebaki ndani ya prosesa kwa sababu haukuwa na njia ya kutoka kuingia kwenye yale mabati. Na dalili ya pili nilikuwa naiona kila siku bila kuijua: joto lilikuwa linaruka kutoka 50 hadi 100 kwa sekunde moja mbili, mara tu kazi ilipoanza. Mashine yenye vumbi au hewa mbaya haifanyi hivyo. Ile hupanda polepole, dakika tano, dakika kumi, na hitsinki ukiigusa unautoa mkono haraka.

Nikazima, nikachomoa, nikang'oa feni. Pesti ilikuwa imeandika habari yote. Upande mmoja imebanwa ikawa nyembamba mpaka chuma kinaonekana, upande wa pili imekaa nene vilevile ilivyopakwa, haijaguswa na kitu. Feni ilikuwa imekaa imeinama. Pini ya nne, ile ya tik, haikuwa imefunga. Nikaazima rula kwa mtoto wa mwenye nyumba, ile ya kwenye mkebe wa hesabu. Kati ya tundu na tundu kwenye madabodi yangu: milimita 78. Kati ya pini na pini kwenye feni ya bure: 75.

Hapo ndipo nilipokwenda kusoma, kitu ambacho ningefanya Novemba. Prosesa za Intel za kompyuta za mezani, kizazi cha 12 hadi cha 14, zinakaa kwenye soketi (kiti cha prosesa kwenye madabodi) ya LGA1700, ambayo matundu yake yako mbali zaidi kuliko ya soketi zilizotangulia, LGA1200 na LGA1151 na ndugu zao. Si hivyo tu, prosesa yenyewe imekaa chini zaidi kwa karibu milimita moja. Kwa hiyo hata ukizilazimisha pini zikaingia, hitsinki inaning'inia badala ya kukandamiza. Feni yangu ilikuwa ya Intel kweli, ila ya wajomba zake. Sitasema yule muuzaji alinidanganya kwa makusudi, labda naye hakujua. Lakini nilipomrudia aliniuliza kama nina risiti ya kitu cha bure.

Feni sahihi, iliyotolewa kwenye boksi la mtu aliyenunua kipoza kikubwa, niliipata duka jingine kwa elfu arobaini. Nikafuta pesti yote kwa spiriti ya isopropili, nikaweka tone moja la ukubwa wa punje ya dengu, nikabana pini kwa mshazari, moja na ya kinyume chake, kisha mbili zilizobaki, nikageuza bodi nikaangalia nyuma kwamba zote nne zimetokeza na kutanuka. Nikarenda. Nyuzi 80, chumbani 33, kasi gigahezi 4 bila kutetereka. Nilikaa naitazama ile namba kama mtu anayemtazama mtoto wake akilala baada ya homa.

Feni tatu, pesti, fundi: laki moja kamili. Dawa: elfu arobaini na rula ya kuazima.

Sasa vijana wenzangu, najua mnataka nilichokitaka mimi, mashine yako, jina lako, usiku unafanya kazi bila bosi. Basi kubalini kwamba ukiwa bosi, kusoma ni kazi yako pia. Kabla ya kutoa hata shilingi, gusa hitsinki. Uwe mwangalifu, usiguse feni inayozunguka wala waya, lakini gusa. Ya baridi huku skrini inalia: hakuna mgusano, ng'oa uangalie pini, pesti, na ile nailoni ya kinga chini ya kipoza kipya ambayo watu huisahau. Ya moto: sasa ndio uende kwenye vumbi na hewa. Ukipuliza vumbi kwa bluwa, zuia feni kwa kidole zisizunguke. Ukiona vyote viko sawa, ingia kwenye bayosi, ile mipangilio ya madabodi unayoifungua kabla Windows haijawaka, utazame kikomo cha wati, kwa sababu prosesa kama yangu imepangiwa wati 65 za muda mrefu na 117 za muda mfupi, lakini baadhi ya madabodi huachia zile kubwa ziende bila kukoma. Na msijilinganishe na namba za Wazungu wanaopima kwenye vyumba vya nyuzi 21. Kipoza hakiwezi kushusha joto chini ya hewa ya chumba chako, ukikaa chini ya bati ongeza kumi na kitu, ulale usingizi.

Lakini kwanza gusa. Narudia kwa sababu najua mtaruka mpaka kwenye bayosi.

Yule kijana nilimjibu hivyohivyo, asikope, kwanza awashe gemu, avue ubavu, aguse. Jana saa nne usiku akaandika: "Mkuu, ni ya baridi kabisa. Afu feni walinipa bure dukani."

Nikamwambia atafute rula.