Mchungaji, muumini akikuambia anavutiwa na watu wa jinsia yake

Makanisa yetu ya Afrika Mashariki yana matamko mengi kuhusu ndoa za jinsia moja, lakini ni machache yenye utaratibu wa kumpokea binti wa kwaya anayeingia ofisini na kusema, "Mchungaji, mimi navutiwa na wanawake wenzangu." Mjadala wa mafundisho una vikao vyake. Mazungumzo ya kwanza hayasubiri sinodi, na ndiyo huharibika zaidi, kwa sababu mchungaji huwa na haraka ya kutoa jibu.

Tenga saa nzima na uzime simu. Kaeni mahali mnapoonekana ila hamsikiki. Mwache aseme mpaka amalize. Usimuulize ametenda nini wala na nani: hutahitaji habari hizo ili kumhudumia, na jina la mtu wa pili likitajwa, umebeba hatari ya watu wawili. Uliza mambo matatu tu: nani mwingine anajua, kama anapolala pana usalama, na kama amewahi kufikiria kujiua. Hilo la tatu litaje kwa jina lake. Kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, uliza kama ameshapanga atakavyofanya. Ikiwa amepanga, asibaki peke yake usiku huo, sumu na vidonge viondolewe karibu naye, nawe umsindikize hospitali.

Kisha linda siri. Usimwambie mwenzi wako wala mzee wa kanisa. Usiandike kitu daftarini. Usipeleke "ombi maalumu" kwenye grupu la maombi, hata bila jina, maana watu hukisia na mara nyingi hupatia. Sheria ya Kenya inataja kifungo cha miaka 14 kwa tendo, ya Tanzania miaka 30 hadi maisha. Uganda, sheria ya 2023 ya kupinga ushoga iliwataka watu watoe taarifa polisi, lakini Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu hicho tarehe 3 Aprili 2024. Mchungaji wa Kampala asikubali kutishwa nacho.

Wengi hapo hukimbilia maombezi ya kutoa pepo. Tunasema wazi: msifanye hivyo. Kijana akiombewa mbele ya watu hujifunza kusema amepona. Akisema amepona, anahimizwa aoe, na miaka michache baadaye kuna mke anayeteseka bila kujua kosa lake. Exodus International, mtandao wa Kikristo wa Marekani ulioahidi mabadiliko ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka 30, ulifungwa mwaka 2013, na kiongozi wake, Alan Chambers, aliwaomba radhi waliojeruhiwa.

Anayeogopa kwamba upole utavunja mafundisho asome nyaraka za kanisa lake mwenyewe. Azimio la 1998 la Lambeth, mkutano wa maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima, ambalo maaskofu hao hulinukuu kukataa ndoa za jinsia moja, linawaagiza pia kusikiliza maisha ya watu hawa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2358, inataka wapokewe kwa heshima na huruma, na wasibaguliwe isivyo haki. Sehemu hizo hazisomwi mimbarini, nasi tunaona ni kosa kubwa.

Wazazi wakigundua, watakuja kwako wakiwa na hasira au wanalia. Usikubali kikao cha ukoo siku hiyo. Waombe ahadi mbili: mtoto hafukuzwi, na haachishwi masomo. Ikiwa nyumbani pana vipigo, tafuta shangazi au mama mdogo anayeaminika, lakini kijana mwenyewe amchague.

Na kwaya? Ukimwondoa ghafla, kila mtu atauliza sababu, na kwa kimya hichohicho umemtangaza. Mwache aimbe. Kabla hajatoka ofisini, mpe siku ya kukutana tena ndani ya wiki hiyo, na uwepo, kwa sababu ukiahirisha atajua umemkataa.