Re: Avast na AVG kwenye mashine moja, niondoe ipi?
Mambo mkuu, umesema uliweka antivairasi zote mbili (programu za kuzuia virusi vya kompyuta), Avast na AVG, ili moja ikikosa kirusi nyingine ikidake, na sasa kompyuta inajivuta. Futa moja kwanza, yoyote tu, halafu restati. Mimi nilipata laptopu ya mteja ina antivairasi mbili zinakagua faili lilelile kwa wakati mmoja, nikatoa moja ikapumua.

Tena hizo zako ni ndugu kabisa, Avast ilianzia Prague, Ucheki, 1988, ikainunua AVG ya mji wa Brno hukohuko Ucheki mwaka 2016 kwa dola bilioni 1.3, injini ya kusaka virusi ni ileile, na tangu 2022 wote wako chini ya kampuni moja na Norton, antivairasi nyingine. Yaani ulichoongeza ni uzito tu. Hata ukifuta zote, Defender, antivairasi inayokuja na Windows, inajiwasha yenyewe.