Aliyefunga bahari ndo ajieleze

Salaam aleikum mhariri na wasomaji wenzangu. Swali lenu la wiki hii mmeuliza ni haki gani ya kwenye katiba yetu ya Kenya umeiona ikikufaa wewe mwenyewe, ama zote ni za kwenye karatasi tu. Mimi ni mama karanga hapa Amu, yaani mji wa Lamu, asubuhi nanunua samaki kwa wavuvi, jioni nakaanga nauza hapa mtaa wa Langoni, na jibu langu ni kifungu cha 24.

Najua wengi mtashangaa manake kifungu cha 24 si haki, ni kile kinachosema haki zitapunguzwa vipi. Lakini ngojeni niwaeleze kwa nini nimekipenda hiki kuliko vyote vya Sura ya Nne, ile sura ya haki.

Mwaka 2014 mwezi wa 6 mji wa Mpeketoni, humu humu kaunti ya Lamu, ulishambuliwa, watu zaidi ya 60 wakauawa, na hakuna mtu wa Lamu aliyelala vizuri baada ya hapo. Ikaja kafyu. Na uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku, tukidhani ni wiki, ikawa miezi, ikawa miaka. Sasa kwa mtu wa bara huenda hili ni jambo dogo, si waende kuvua mchana, lakini jarife, ule wavu mkubwa wa kutega, hutegwa magharibi likatolewa alfajiri, mchana maji yakiwa meupe samaki anauona wavu anaupita kando, na yule wa kuvua kwa taa anataka usiku wa giza, bila giza taa yake haina kazi. Ukimfungia mvuvi usiku umemfungia bahari nusu nzima, na ile nusu yenye samaki.

Ami yangu alikuwa anakaa barazani jioni na wavu magotini, anashona tundu ambazo hazipo. Nilikuwa namuona. Sindano inaingia inatoka, anafunga fundo, analikata kwa meno, halafu anaangalia mbingu anaona mwezi haujatoka, na huo ndo usiku wenyewe wa kwenda, anashusha macho anarudi kwa wavu. Mimi karai langu la mafuta lilikuwa linakaa siku mbili tatu bila kuinjikwa. Kolekole hakuna, nguru hakuna, changu wachache na bei imepanda, na wateja wangu ni watu wa mia mia, huwezi kuwapandishia.

Siku moja ami na wenzake wakaitwa ofisini kueleza shida yao, ofisi gani siitaji. Nilikwenda nao manake na mimi ni mdau. Yule bwana akauliza, kwani lazima usiku? Ami akaanza kueleza. Akaeleza bamvua na maji mafu, akaeleza kaskazi bahari inavotulia na kusi inavochafuka, akaeleza jarife, mzee wa miaka 70 amesimama kofia mkononi anafundisha mtu mzima kazi aliyoifanya tangu utotoni, kama nusu saa hivi, na yule bwana kalamu iko mezani hakuandika hata herufi moja. Mwisho akasema tumesikia. Tukatoka. Njiani ami hakusema kitu mpaka tulipofika kwake, ndo akasema leo nimeomba ruhusa ya kuwa mvuvi.

Hayo maneno yalinikaa.

Baadaye sana, kwenye mafunzo ya siku moja ya wasaidizi wa sheria, tulipewa katiba kila mtu nakala yake, na yule dada aliyetufundisha akatusomesha kifungu cha 24 polepole, na mimi nikamuomba arudie. Kinasema haki haipunguzwi ila kwa sheria, na iwe ni kwa kiasi kinachokubalika katika nchi ya uwazi na demokrasia inayoheshimu utu wa mtu na usawa na uhuru. Kinataka itazamwe lengo la kupunguza lina uzito gani, na kama kulikuwa na njia nyingine ya kufika palepale isiyoumiza sana. Halafu kile kipande cha tatu, ndo kilichonitoa machozi wallahi, kinasema ni serikali, ama huyo anayetaka kuipunguza haki, ndo atakayethibitisha mbele ya mahakama kwamba masharti hayo yote yametimizwa. Yeye. Si ami.

Yaani siku ile ofisini mambo yalikuwa kinyume. Ami alikuwa anajieleza kwa nini anataka bahari, na ilitakiwa yule bwana ndo amueleze ami kwa nini ameifunga, usiku mzima, kaunti nzima, muda wote ule, na kwa nini haikutosha kitu kingine. Na vitu vingine vilikuwepo! BMU zetu, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufuo, zina wanachama wanaojulikana kwa majina, vyombo vina usajili, kila nahodha anajulikana ni mtoto wa nani na wa mtaa gani, ungeweza kupanga maeneo, kuandika nani katoka na saa ngapi karudi. Sisemi hatari haikuwepo, ilikuwepo, tulizika watu. Nasema hakuna aliyeulizwa kama njia hizo zilijaribiwa, manake sisi wenyewe hatukujua kwamba kuuliza ni haki yetu.

Katiba ya zamani ilikuwa ikitaja haki, hapohapo inafuatisha isipokuwa hivi na isipokuwa vile, mpaka ukimaliza kusoma huna kitu mkononi. Hii ya 2010 ikaweka kipimo kimoja cha wote, na ukisoma kifungu cha 36 cha katiba ya Afrika Kusini ya 1996 utaona maneno yanafanana sana, tuliazima kwa watu waliojua ubaya wa serikali isiyojieleza. Na kuna haki nne kifungu cha 25 kinasema hazipunguzwi kabisa, hata ukija na hoja ya usalama: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kesi ya haki, na mtu aliyeshikwa kuletwa mbele ya jaji. Hii ya mwisho hapa pwani tunaijua thamani yake, waulizeni kina mama ambao watoto wao walichukuliwa.

Sasa mtaniuliza kama kuna siku kilifanya kazi. Kesi ya bandari ya Lamu, ya Mohamed Ali Baadi na wenzake, ilipelekwa mahakamani mwaka 2012, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikatoa hukumu. Mradi wa magati 32, wavuvi hawakupewa habari za kutosha, wala hawakuulizwa sawasawa. Majaji wakasema haki zilivunjwa, ya kupata habari, ya mazingira safi, na ya utamaduni, yaani uvuvi wetu ukahesabiwa ni utamaduni na si kibarua tu, na wavuvi kama 4,600 wakaamuliwa walipwe shilingi bilioni 1.76. Pesa kufika mkononi ni safari nyingine ndefu, hilo linaniuma bado, lakini siku ile wenye mradi ndo waliotakiwa kujieleza. Mwaka uliofuata, Juni 2019, baraza la kitaifa la kuamua kesi za mazingira likafuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kule Kwasasi, hapa hapa Lamu, kwa sababu hiyohiyo, wananchi hawakushirikishwa inavotakiwa. Makaa ya mawe karibu na mikoko na matumbawe, na leseni ilikuwa ishatoka!

Na mtu asiwatishe kwamba mahakama ni ya wenye pesa. Kifungu cha 22 kinasema kesi ya kudai haki haitozwi ada ya kufungulia, na ikibidi mahakama ipokee hata maandishi yasiyo ya kiofisi. Wakili atagharimu, hilo kweli, lakini mlango uko wazi.

Ami herufi za kizungu hazisomi vizuri, amesoma chuoni, yaani madrasa, kwa herufi za Kiarabu kama wazee wengi wa hapa. Basi nikakaa usiku mmoja nikamuandikia kile kipande cha tatu kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kwenye karatasi ya daftari. Akasoma mara mbili kidole chini ya mstari. Akaniuliza, hili lilikuwepo siku ile tulipokwenda ofisini? Nikamwambia lilikuwepo, tangu 2010. Akanyamaza. Halafu akaikunja akaitia kwenye mfuko wa plastiki anaowekea leseni yake ya uvuvi, akaufunga vizuri usiingie maji.