Kindi na mwaloni: namna ya kulinganisha viumbe wasiofanana

Jioni huwa nawafundisha bayolojia watoto wa sekondari huku Kisauni, na swali linalowatoa jasho ni lile la kulinganisha viumbe wawili walio mbali kabisa. Chukua kindi wa kijivu wa Marekani na mwaloni mweupe wa huko huko. Wengi huandika: "Kindi ana mkia, mwaloni una majani." Hapo hujalinganisha chochote. Umetaja kitu cha huyu na kitu cha yule, basi.

Chagua sifa moja kwanza, kisha uwaulize wote wawili swali lile lile. Chakula: mwaloni hujitengenezea kwa usanisinuru, yaani kwa nguvu ya mwanga wa jua; kindi hutegemea kilichokwisha kutengenezwa. Seli: zote zina kiini na mitokondria (vijisehemu vinavyoipa seli nguvu), ila za mwaloni zina ukuta wa selulosi. Sifa niipendayo mimi ni kukua. Mwaloni hunenepa shina mwaka hadi mwaka maisha yake yote. Kindi hufikia kimo chake akakoma, lakini meno yake ya mbele hayakomi kurefuka, ndiyo sababu hana budi kuguguna. Mtoto akiligundua hilo mwenyewe, uso humng'aa.

Halafu uliza wanafanyiana nini. Hapa ndipo penye utamu. Mbegu ya mwaloni mweupe huanza kuota punde tu ikishaanguka, kwa hiyo haiwekeki. Kindi huila papo hapo, au huing'ata kwenye ncha akatoa kiinitete, yaani kile kimche kichanga kilichomo ndani, ndipo akaifukia ikiwa imekufa. Ya mwaloni mwekundu haioti mpaka baridi ipite, basi hiyo huifukia nzima, na asiyoirudia yaweza kuwa mti.

Mwaloni hatunao Mombasa, lakini minazi na panya tunao tele. Mpeleke mwanao chini ya mnazi mkatafute kidaka, yaani nazi changa kabisa, kilichotobolewa. Kigeuzeni kwa kijiti, msikishike kwa mkono mtupu, maana mkojo wa panya una maradhi. Ukingoni mwa tundu mtaona mikwaruzo ya meno. Sasa mwulize: panya amepata nini, na mnazi umepoteza nini? Kidaka ni kichanga, hakiwezi kuota hata kikifukiwa. Nazi iliyokomaa ndiyo huota, na hiyo hupandwa na watu au huchukuliwa na maji ya bahari. Mwache aandike mwenyewe panya ametofautianaje na kindi.