Rubani wa mizigo, uliza kwanza ndege inabeba nini

Wiki iliyopita kijana mmoja alinitumia meseji saa nne usiku, ati kampuni yao imewaambia marubani sita waende nyumbani "kwa muda", bila mshahara, watapigiwa simu mambo yakikaa sawa, sasa anauliza afanye nini. Nikacheka kidogo halafu nikanyamaza, juu hayo maneno nilishaambiwa mimi, karibu vile vile, Machi 2020, tukiwa tumesimama nje ya hangari pale Wilson, uwanja wa ndege ndogo Nairobi.

Nilikuwa kopailoti wa Fokker 50 ya mizigo, na niseme tu wazi, mizigo yenyewe ilikuwa miraa. Kama hujawahi kuona hiyo kazi: inachunwa Meru, upande wa Maua na Laare, inafungwa na majani ya mgomba isikauke, Hilux zinakimbia nayo kama zimefukuzwa, na asubuhi iko Nairobi kwa magunia. Ikipita siku mbili hivi haina stimu tena, kwa hivyo hakuna mambo ya kuchelewa, tunapakia tani tano na kitu, tunaruka, Mogadishu au Galkayo huko Somalia, kurudi tunapitia Wajir kukaguliwa, kesho tena. Masaa yanajaa kwa logibuku, kile kitabu rubani anaandikia masaa aliyoruka, mpaka unajiona umefika. Hapo ndipo tulipumbaa, maana kampuni nzima ilikuwa inakula kwa mzigo mmoja unaoenda nchi moja.

Na dalili zilikuwepo. Uholanzi walipiga miraa marufuku 2013, Uingereza 2014, tukasema hiyo ni shida ya wale wanaopeleka Ulaya. Septemba 2016, mimi nikiwa bado kwa Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja, Somalia wakafungia miraa isiingie kama wiki moja wakafungua, na wazee wa Wilson wakasema si mnaona, wale watu hawawezi kukaa bila. Sasa 2020 ikaja korona, ikafungwa tena, tukahesabu wiki mbili, labda mwezi. Ilifunguliwa Julai 2022. Miaka miwili na miezi minne jameni. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba ndege za mizigo zingine zilikuwa zinaruka vizuri tu wakati huo, maua na dawa na maski lazima zisafiri, za abiria zimeegeshwa, lakini sisi mteja wetu alikuwa mmoja na huyo ndiye aliyefungiwa mlango.

Kwa hivyo ukiitwa kazi kwa kampuni ndogo, usiulize tu mshahara na ndege gani. Uliza inabeba nini, ya nani, inaenda wapi, na huyo mwenye mzigo akinuna leo kuna nani mwingine. Mimi siku ya intavyuu niliuliza tu lini nitapata kiti cha kushoto, kile cha kapteni.

Basi tuje kwa barua wanayokupa usaini ukitumwa nyumbani. Ile yangu ilisema nimekubali likizo bila malipo "kwa hiari", nikasaini nikiwa nimesimama, hata sikusoma ukurasa wa pili, kila mtu anasaini nami nasaini. Usifanye hivyo. Mwajiri hawezi kubadilisha masharti ya kazi yako bila kuzungumza na wewe, na mabadiliko yanatakiwa kuandikwa. Ichukue uende nayo nyumbani. Uliza tarehe ya mwisho ni lini, kama hakuna tarehe basi hiyo si likizo bwana, ni kufutwa bila kulipwa. Maana kufutwa kwa sababu kazi imekwisha kuna bei yake kwa Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 40: notisi ya mwezi mmoja au pesa yake, siku za likizo ulizobakisha, na mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza. Umekaa miaka minne, hiyo ni siku 60. Ndiyo maana wengine wanapenda ukae tu hapo katikati, hujafutwa na hulipwi, mpaka uchoke uandike mwenyewe ya kuacha kazi. Wenzangu wawili waliandika kwa hasira, wakaondoka bila hizo siku 15 zao. Na kama ulisaini bondi ya mafunzo, ile ahadi ya kukaa na kampuni kwa sababu ilikulipia mafunzo, itoe usome, jua bado unadaiwa miezi mingapi na kama hiyo miezi ya kukaa nyumbani inahesabiwa.

SACCO nayo. Mkopo wangu ulikuwa unakatwa kwa pesilipu, pesilipu ikakatika, mimi nikanyamaza nikidhani nitarudi karibuni, na waliopigiwa simu ni wadhamini wangu, mmoja ni mjomba wangu, mwalimu mstaafu. Nilimwona kwa mazishi akanisalimia tu, "hujambo Kapteni", akaendelea kutembea. Nenda SACCO wiki ile ile ya kwanza, uombe wapunguze, watu wanasikia ukija mapema.

Halafu leseni haijui uko likizo. Ukikaa siku 90 bila kupaa na kutua mara tatu huwezi kubeba watu, medikali, yaani cheti cha afya, inaisha, cheki ya kurusha kwa kutegemea vyombo bila kuona nje inaisha. Ya Fokker sisi tulikuwa tunapelekwa simuleta, mashine ya kuigiza ndege, ng'ambo, kwa dola, kwa mfuko wangu ingekuwa ndoto. Lakini Caravan unafanyiwa cheki kwa ndege yenyewe, hapa hapa. Nilikataa miezi saba, naona haya, mtu wa injini mbili arudi kwa moja tena aanze kusaidia kupakia magunia. Miezi saba ya kunywa chai kwa kibanda na marubani wenzangu tukipeana uvumi, huyu amesikia ni Jumatatu, yule ana rafiki wizarani. Mwishowe mke wangu aliuza friza yetu, hakuniuliza, nikakuta tu nafasi ukutani. Nililipa cheki ya Caravan na sehemu ya hiyo pesa na Januari nikapata kazi Juba, kupeleka vyakula vya misaada kwa viwanja vya udongo ambavyo mvua ikinyesha unaangalia mara mbili kabla ya kutua. Pesa haikuwa kubwa lakini ilikuja kila mwezi.

Kitu cha mwisho, na hiki kijana nimemwambia akifanye kesho asubuhi kabla ya kingine chochote: peleka logibuku kwa chifu pailoti akupigie saini na muhuri, piga picha kila ukurasa, chukua na barua ya kuthibitisha masaa yako. Kampuni ndogo ikifa inakufa na makabati yake. Julai 2022 oparesheni walinipigia, "Kapteni uko karibu?", nikawaambia niko Juba, kwanza nisainieni masaa yangu ya Januari mpaka Machi 2020. Chifu wa zamani alishahama nchi, mpya anasema hawezi kusaini kitu hakuona. Masaa 83. Bado yako kwa penseli.